Mtaro wa Baharini

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuosha mchanga. Niliuosha mara saba, nikauchuja kwa kichujio cha chai, nikauanika juu ya gunia mbele ya chumba changu Kawangware na kuketi kando yake kama mtu anayefukuza kuku. Nilikuwa na miaka ishirini, sijawahi kuiona bahari, na nilikuwa nimejipa kazi ya kuwaonyesha watu wa Riruta jinsi tetemeko kubwa la ardhi linavyoangusha milima ya tope huko chini kabisa ya bahari. Nilitaka mchanga wangu uwe safi kama sukari. Siku ilipofika, mbele ya ukumbi uliojaa, niliumwaga ndani ya sanduku la kioo, nikautengeneza mteremko, nikaushindilia kwa mwiko hadi ukawa laini bila alama hata moja, nikajaza maji taratibu, kisha nikaigonga meza kwa nyundo ya mpira. Hakuna kilichosonga. Nikagonga tena. Maji yakatikisika, mchanga ukatulia vilevile. Mara ya tatu niligonga kwa nguvu hadi kona ya kioo ikalia, na kutoka viti vya nyuma sauti ya msichana mmoja ikasema, "Bahari imekataa." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Buda, wewe ni seremala wa meza ama?" Nilicheka nao, kisha nikaenda chooni na kukaa humo hadi nikasikia viti vya mwisho vikipangwa.

Nimeukumbuka mwaka huo wiki hii kwa sababu ya sepetu. Alhamisi tulikusanyika mtaa wa Gatwekera, katika chumba cha Baba Achieng, mzee niliyezibua naye mitaro zamani, kabla mwili wake haujasafirishwa kwao Siaya. Kilikuwa chumba kilekile cha udongo na mabati, pazia lilelile la kitambaa cheupe likigawa kitanda na viti, kalenda ya kanisa ukutani. Nyuma ya mlango ilisimama sepetu yake, ncha yake imelika kwa miaka mingi hadi ikawa kama mwezi mchanga. Mama Achieng, mke wake, aliniona nikiitazama. "Hiyo ni yako," akaniambia. "Alisema mwenyewe. Alisema wewe ndiye utajua ni ya kazi gani." Sasa nina miaka ishirini na minane. Familia yangu nitaiacha nje ya sura hii. Ilikuwepo, ilinipenda, na mwaka ninaousimulia haukuwa wao. Ulikuwa wa mzee aliyezibua mitaro, bibi aliyewahi kuuza mandazi, na mimi niliyekuwa nikiogopa kila kitu ambacho hakijakamilika.

Nieleze kwanza nilichokuwa nikikitafuta, maana bila hicho mwaka mzima unaonekana kama mchezo wa mtu asiye na kazi. Pale Riruta kulikuwa na kituo kidogo cha vitabu na sayansi kilichotumia ukumbi wa kanisa. Msimamizi wake, Madam Faith, alikuwa akitafuta mtu mmoja wa kuzunguka katika shule za msingi za mtaa akiwaonyesha watoto majaribio ya sayansi. Hakutaka cheti. Cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa kimekunjwa chini ya godoro na sikutaka mtu akione, kwa hiyo maneno hayo mawili, "hakuna cheti", yaliniingia kama dawa. Alitaka kitu kimoja tu: mtu aandae jaribio lake mwenyewe, alionyeshe mbele ya watu wa mtaa, na watu waelewe. Huyo ndiye angepata kazi. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kazi ile.

Nilichagua chini ya bahari kwa sababu ya picha mbili nilizoziona kwenye simu, nikitumia mtandao wa bure wa kituo hichohicho. Zilikuwa ramani za korongo moja lililo chini ya bahari, moja ikiwa imechorwa kabla ya tetemeko kubwa na nyingine baada yake. Nilidhani tetemeko hutikisa tu, nyumba zikaanguka, basi. Lakini ramani ya pili haikuwa sawa na ya kwanza. Kuta za korongo zilikuwa zimemomonyoka na sakafu yake imechimbwa upya, kana kwamba mtu amepita na kijiko kikubwa. Nilisoma kwa miezi, neno kwa neno, kamusi mkononi. Nikaelewa kwamba mito hupeleka tope baharini kila siku, nalo hulala kwenye miteremko, tabaka juu ya tabaka, likiwa bado laini na limejaa maji. Linaweza kulala hivyo kwa karne nyingi. Kisha ardhi inatikisika, chembe zilizokuwa zimeshikana zinaachana, maji yaliyo katikati yanabeba uzito wote, na mteremko unakatika. Tope hilo haliangukii hapo tu. Linachanganyika na maji, linakuwa kama wingu zito linalokimbia chini kwa chini, likiparua sakafu na kujiongezea tope njiani, hadi linapofika kwenye kilindi cha mwisho kabisa na kutulia. Huko juu meli inaweza kupita bila kujua. Wazo hilo lilininyima raha na kunipa raha kwa wakati mmoja: kwamba mahali penye giza ambapo hakuna anayetazama panaweza kugeuzwa kabisa kwa siku moja.

Chumba changu Kawangware kilikuwa katika ploti ya bibi mmoja tuliyemwita Shosho Njeri. Alizaliwa hapohapo, zamani pakiwa mashamba, na alipenda kuwaonyesha wapangaji wake mahali mparachichi wa babake uliposimama, ambapo sasa pana bafu. Ni yeye aliyenipa sanduku la kioo. Lilikuwa kabati lake la mandazi, la zamani alipokuwa akiuza pale langoni. Fundi wa madirisha alilifunga viungo kwa gundi, likawa bahari yangu. Hata nililisugua vipi, kila nilipojaza maji, mafuta ya mandazi yalielea juu kama macho madogo, na chumba kizima kikanukia iliki. Shosho alikuwa akipita mlangoni asubuhi na kikombe chake cha chai, ananitazama nikiosha.

"Unafanya nini na maji yote hayo?"

"Naosha mchanga, Shosho."

"Unaosha mchanga." Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayeonja kitu kilichoharibika. "Ngai, Mungu wangu. Na shati lako je?"

Shati langu lilikuwa chafu. Ndivyo nilivyokuwa mwaka ule. Niliweza kulala njaa nikisahihisha mstari mmoja wa maelezo. Nilikuwa na daftari lenye hotuba ya dakika kumi niliyoiandika upya mara zisizohesabika, na ukurasa mzima ulikuwa wa neno moja tu. Kile kilindi kirefu kinachopakana na bara, ambako tope huishia, kiitwe nini kwa Kiswahili? Niliandika "shimo", nikafuta; shimo ni la duara, nilijiambia, na watu wa mtaa wa Mashimoni watadhani nawacheka. Niliandika "bonde la kilindini", nikafuta. Nikaandika "handaki", nikapiga mstari chini yake mara mbili, nikaridhika. Lilikuwa na heshima. Kupitia ukuta wa mabati niliwasikia majirani wakinizungumzia. "Huyo wa namba nne anaongea na nani?" "Anaongea na maji." "Na maji yanajibu?" "Ungeyasikia yakijibu, ungehama."

Baada ya aibu ya Machi, Madam Faith hakunifukuza. Aliniambia nirudi Julai. Mvua za masika zilikuja kubwa, na Mei nikachukua kibarua cha kuzibua mitaro Gatwekera, kwa sababu lazima mtu ale. Kiongozi wa kikundi chetu alikuwa Baba Achieng. Alikuwa mfupi, mabega mapana, gambuti zake za mpira zimekatwa juu kidogo ili zisimkwaruze, na alipenda kumwita kila mtu kwa kazi ambayo mtu huyo anaikimbia. Kijana aliyechelewa alimwita Saa. Aliyeogopa panya alimwita Paka. Siku ya pili, baada ya kuniona nikifuta tope kwenye mpini wa sepetu kila nikichota mara mbili, akanipa langu. "Wewe Sabuni," alisema, "hii ni mtaro. Si sahani ya mgeni."

Nakumbuka asubuhi ambayo kila kitu kiligeuka, ingawa wakati huo sikujua. Tulikuwa tumefika mahali ambapo mtaro mkubwa unapinda kuelekea mtoni, na tope lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Baba Achieng hakulichota. Alilikata wima kwa sepetu, kama mtu anayekata mkate, akavuta kipande kimoja, na ukuta wa tope ukabaki wazi mbele yangu. Ulikuwa na mistari. Chini kabisa palikuwa na kokoto na vifuniko vya soda, juu yake mchanga mkubwa, kisha mchanga mwembamba, kisha tope jeusi laini kama uji. Halafu kokoto tena, mchanga, tope. Halafu tena.

"Soma," akasema.

"Nisome nini?"

"Si wewe ni msomi wa simu? Soma hapo." Akaweka ncha ya sepetu kwenye mstari wa chini. "Mvua ikija na nguvu inabeba mawe. Ikichoka kidogo inaangusha mawe, inabeba mchanga. Ikichoka tena, mchanga unaanguka. Hii nyeusi ya juu ni ya mwisho, inashuka polepole maji yakishatulia. Kila mvua kubwa inaandika hivyo. Hapa kuna mvua tatu. Hii ya katikati ndiyo ilibeba choo cha mjumbe."

Paka alicheka hadi akashika magoti. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama ndani ya maji machafu, mdomo wazi, kwa sababu nilikuwa nimeisoma aya hiyohiyo kwa Kiingereza mara ishirini bila kuielewa vizuri. Wanasayansi huteremsha bomba refu hadi sakafu ya bahari, hulisukuma ndani ya tope, hulipandisha melini, hulipasua katikati, na kuona mistari hiyohiyo: nzito chini, nyepesi juu, kisha nzito tena. Nilimwambia Baba Achieng papo hapo, nikiropoka. Nilimwambia kuhusu tetemeko, miteremko, wingu la tope, na handaki.

"Handaki ni ya jeshi," alisema. "Huko baharini kuna wanajeshi?"

"Hapana. Ni kama... ni bonde jembamba, refu sana, lenye kina, ambalo tope lote la juu linaishia humo."

Alisimamisha sepetu topeni. "Sasa si huo ni mtaro?"

Niliudhika. Leo naona haya kulikiri, lakini niliudhika. Nilikuwa nimetafuta neno kwa wiki nyingi, na mzee huyu, tope limemfika magotini, ananiletea neno linalonuka. Mtaro ndiko tulikotupa vitu ambavyo hatukutaka kuviona. Nikamwambia kitaalamu halifai. Akainua mabega, akaendelea kuchota. Ila nilipomuuliza, kwa ujeuri kidogo, atajuaje kama tope fulani limeletwa na mvua na si mtu tu aliyemwaga uchafu, hakusita hata kidogo. "Naenda kuangalia mtaro mwingine. Na mwingine. Ukipata tope jipya kwa mmoja tu, hapo kuna ukuta wa mtu umeanguka. Ukipata kwa yote, kutoka hapa mpaka Mashimoni, wakati mmoja, hiyo si mtu. Hiyo ni mvua." Nilirudi Kawangware kwa miguu nikirudia maneno hayo. Hivyo ndivyo watafiti hufanya. Wakikuta tope limeporomoka katika makorongo mengi yaliyo mbalimbali, kwa wakati mmoja, wanajua kuna kitu kimoja kilichoyatikisa yote, na huko ndiko wanakosoma matetemeko ya zamani kabla ya watu kuanza kuyaandika. Bado wanabishana, maana dhoruba na mafuriko pia huangusha tope. Lakini wanaanza pale alipoanzia Baba Achieng: nenda ukaangalie mtaro mwingine.

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo nilikuwa mtu mwingine. Sikuwa. Julai ilifika na nilikuwa nimebadilisha kila kitu kwenye daftari, lakini mchanga nilikuwa bado nauosha, kwa sababu sikuweza kufikiria kuweka kitu kichafu mbele ya watu. Usiku wa kuamkia siku ile nilijaribu mara tisa, na mara zote tisa mteremko ulikaa palepale. Asubuhi sikuenda. Nilijifunika blanketi hadi kichwani, simu ikiwa chini ya mto, nikaihisi ikitetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Mwishowe nilimwita Shosho Njeri mlangoni, nikampa simu, nikamwomba aseme naumwa. Yeye, mama wa kanisa aliyekuwa hajawahi kusema uongo mbele yangu, alisimama na simu ile mbali kidogo na sikio lake na kusema uongo kwa niaba yangu. Alipomaliza aliniwekea simu juu ya meza bila kunitazama. Jioni aliniletea githeri ya mahindi na maharagwe, akaiweka kizingitini badala ya kuingia. Niliila baridi. Katika mambo yote ya mwaka ule, sahani ile kizingitini ndiyo iliyonichoma zaidi.

Siku mbili baadaye nilienda kazini Gatwekera, nikasema sikufika kwa Madam Faith kwa kuwa niliumwa, na Baba Achieng akanialika chakula cha mchana. Aliingia ndani mbele yangu. Mimi nilibaki nje nikivua gambuti, na kama kawaida nikawa nazifuta. Mama Achieng alikuwa mtu wa Kakamega na mumewe wa Siaya, kila mmoja na lugha ya kwao, kwa hiyo lugha ya nyumba ile ilikuwa Kiswahili, na ukuta wa udongo hauzuii kitu.

"Huyo kijana alikuwa mgonjwa kweli?" Mama Achieng aliuliza.

"Si mgonjwa. Ni uoga."

"Uoga wa nini na ana akili hivyo?"

"Ni hiyo akili inamsumbua. Anataka mtaro ukauke ndiyo aingie." Nilisikia kiti kikivutwa. "Sasa mtaro ukikauka, kazi itakuwa gani?"

Niliingia. Hakuna aliyejifanya sikusikia. Mama Achieng aliweka ugali katikati ya meza, dagaa wa omena waliokaangwa kwa nyanya na kitunguu, na mboga ya sukuma, akanisukumia bakuli la maji ya kunawa. Tulinawa, tukala. Nilipomaliza, Baba Achieng akasema, "Pigia huyo madam. Hapa hapa. Usimwandikie, wewe ukianza kuandika utamaliza Krismasi." Mikono yangu ilikuwa bado inanukia samaki. Nilipiga. Nilimwambia Madam Faith kwamba sikuwa mgonjwa, kwamba niliogopa, kwamba nilimfanya bibi wa watu aseme uongo.

"Nilijua," alisema. "Shosho wako hajui kudanganya. Aliniambia una malaria ya mguu."

Baba Achieng, aliyekuwa ameweka sikio karibu, alipaliwa na maji. Madam Faith alisubiri kelele ziishe, kisha akanipa Jumamosi ya mwisho ya Novemba. "Hiyo ni ya mwisho. Usipofika nitampa mwingine. Si kwa ubaya. Watoto wanangoja mtu anayefika."

Nilipokata simu, nilimweleza Baba Achieng shida yangu ya kweli kwa mara ya kwanza: kwamba nagonga na hakuna kinachoanguka. Akauliza nimeweka nini ndani. Nikamwambia. Akauliza tena, kana kwamba hakusikia vizuri. "Umetoa tope lote? Ukabakisha mchanga peke yake, halafu ukaushindilia?" Alimgeukia mkewe. "Mama Achieng, huyu mtu ameosha kila kitu kinachoweza kuanguka, sasa anashangaa hakianguki." Alikuwa sawa kabisa. Mchanga mkubwa uliosafishwa na kushindiliwa hushikana na kuruhusu maji yapite; ukitikiswa, unakaa. Kinachoporomoka ni kile laini, kilicholala juu ya mteremko bila kushindiliwa, kikiwa kimeshika maji tumboni. Nilikuwa nimesoma hayo yote. Nilikuwa hata nimeyapigia mstari.

Novemba nilibeba karai la tope kutoka mtaro wa Gatwekera hadi Kawangware, likiwa limefunikwa kwa gunia, na watu wakinipisha njia zaidi ya kawaida. Nitasema ukweli, mikono yangu iliwasha kutaka kulichuja. Niliondoa tu vipande vya chupa. Nililichanganya na maji, nikalimimina polepole juu ya mteremko wa kokoto, nikaliacha lishuke lenyewe, kisha tabaka lingine, kisha lingine, kwa siku kadhaa. Maji hayakuwa safi. Yalifanana na chai ya rangi iliyosahaulika, na mafuta ya mandazi yakielea. Shosho alikuja kutazama, akaziba pua, akasema, "Sasa hiyo angalau inafanana na kitu." Ndiyo mara ya kwanza aliingia ndani tangu Julai.

Asubuhi ya Jumamosi, tulipokuwa tumeshalifikisha sanduku ukumbini kwa mkokoteni, ile kona iliyolia Machi ilianza kuvuja. Mstari mwembamba wa maji ulitambaa juu ya meza hadi kwenye daftari langu. Wino ukatawanyika. Hotuba yangu yote, na ule ukurasa wa neno moja, ukawa doa la buluu. Zamani hilo lingetosha kunirudisha kitandani. Miguu yangu hata iligeuka. Lakini Shosho Njeri alikuwa ameshafungua mkoba wake. Akatoa kipande cha sabuni ya mche, akakikanda kwa kidole gumba, akakibandika kwenye ufa kama wanavyoziba mitungi inayovuja. Maji yakasimama. "Endelea," akaniambia. "Mimi nimeshika." Na kweli alisimama hapo muda wote, kidole kwenye kona, akiwa amevaa kitambaa chake cha kichwani cha Jumapili.

Nilianza vibaya. Nilisahau salamu. Nilisema kwamba chini ya bahari kuna handaki, na nikaona nyuso zikiwa kama ukuta. Baba Achieng alikuwa amekaa nyuma na gambuti zake, mikono kifuani. Nilimtazama. "Samahani," nikasema. "Si handaki. Ni mtaro. Chini ya bahari kuna mtaro mrefu kuliko nchi hii, na tope la mito mingi linaelekea huko." Kitu kikalegea ukumbini. Watu walikuwa wanaujua mtaro. Niliwaonyesha uzi mwekundu niliokuwa nimeunyoosha chini ndani ya sanduku, kutoka ukuta wa kioo hadi ukuta, nikasema huo ni waya unaobeba mtandao kutoka bara moja hadi jingine. Kisha nikaomba wanyamaze, nikaigonga meza mara moja.

Kwa muda mfupi hakuna kilichosonga. Halafu ufa mwembamba ulijichora kwenye sehemu ya juu ya mteremko, kama mstari wa penseli. Tope likatelezea chini kwa ukimya, kipande kizima, likapasuka, likawa wingu. Wingu hilo likakimbia kwenye sakafu ya kioo, zito, likibingirika mbele kama moshi ulioangushwa, likaung'oa uzi upande mmoja, likagonga ukuta wa mbali na kurudi nyuma. Maji ya juu hayakutikisika. Hakuna aliyecheka.

"Kumbe ndiyo maana net hupotea!" msichana mmoja akasema, na sauti nilipoisikia niliitambua. Ilikuwa ileile ya Machi.

"Si kila mara," nikasema. "Lakini imewahi kutokea, waya mmoja baada ya mwingine, jinsi wingu linavyosonga."

"Na huo mtaro nani anauzibua?"

Swali hilo halikuwa kwenye daftari. Nilifungua mdomo, na neno likaja bila kusahihishwa. "Hakuna. Hakuna mtu anayeuzibua. Ndiyo maana unakumbuka kila kitu. Kila tetemeko kubwa linaacha mstari wake pale chini, na mengine yanalala juu yake. Linazika viumbe wanaoishi huko, na pia linawapelekea chakula wale watakaokuja. Mahali palipokuwa na kilima panakuwa korongo, mahali palipokuwa na shimo panakuwa tambarare. Ukitaka kujua ardhi ilitikisika lini, unasoma tope."

"Waambie ile ya mitaro yote!" Baba Achieng alipaza sauti kutoka nyuma, na nikawaambia ile ya mitaro yote, na nikawaambia nilikoipata. Watu wakageuka kumtazama. Alijifanya anatafuta kitu ndani ya kiatu.

Tulingoja wingu lishuke. Lilichukua muda mrefu kuliko subira ya ukumbi, lakini wachache walibaki, wakaja wakainama mbele ya kioo kuona mstari mpya ukijichora chini, mzito kwanza, mwepesi baadaye. Mteremko wangu ulikuwa umeharibika, una kovu kubwa juu. Sikuurekebisha. Madam Faith alikuja akiwa na kalamu nyuma ya sikio, akamsaidia Shosho kuondoa kidole chake kilichokuwa kimekakamaa, kisha akanigeukia. "Jumatatu, saa mbili asubuhi. Na huo mguu usiwe na malaria."

Nimekuwa na kazi hiyo kwa miaka saba na nusu. Sanduku la mandazi lilivunjika mwaka wa tatu na nikatengeneza lingine, lakini sabuni ya mche bado naibeba mkobani. Alhamisi, baada ya gari la mazishi kuondoka, nilibeba sepetu ya Baba Achieng hadi Kawangware, na njiani sikuifuta. Jumatatu nitaipeleka darasani, nikate tope wima kama alivyolikata, nimwambie mtoto mmoja asome. Bado naandika mstari mmoja mara nyingi kuliko inavyostahili. Hata sura hii nimeianza mara nne. Bahari sijaiona hadi leo. Lakini mchanga siuoshi tena, na mahali ninapongojwa, nafika.